Kifaru cha tani 36 kinasafirije? Yafahamu malori yanayobeba vifaru, na kwa nini dereva wa Same anapaswa kuyajua

Ukiwa Same, ngeli ya Kiswahili inaweza kukuokoa. Ukisikia mtu anasema "kifaru amepita", ujue anazungumzia faru, yule mnyama anayelindwa kule Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Ukisikia "kifaru kimepita", hapo habari imebadilika. Hicho ni cha jeshi.

Lakini kwa kweli kifaru cha jeshi hakipiti. Kinapitishwa. Karibu jeshi lolote duniani lenye akili ya kutunza vifaa vyake halikubali kifaru kitembee kwa mnyororo wake kilomita 400 kwenye lami. Linakipandisha juu ya lori au behewa la treni, kinafungwa cheni, kinabebwa kama mzigo.

Makala hii inaeleza malori hayo ni ya aina gani, yanafanyaje kazi, na kwa nini wewe unayeendesha bodaboda, Noah au Fuso la tangawizi kati ya Hedaru na Mwanga unapaswa kuelewa angalau kidogo. Barabara kuu ya Chalinze–Segera–Same–Himo ndiyo njia ya mizigo mizito kutoka bandari za Dar es Salaam na Tanga kwenda Kilimanjaro na Arusha. Iwe transfoma ya umeme, buldoza la mkandarasi au zana za jeshi, barabara ni hii hii.

Kwanza: kwa nini kisijiendeshe?

Swali zuri. Kifaru kina injini, kina dereva, kina mafuta. Kwa nini kibebwe kama mtoto?

Sababu ya kwanza ni mnyororo. Kifaru hakina matairi, kinatembea juu ya mikanda miwili ya vipande vya chuma vilivyounganishwa kwa pini. Ile mikanda inachakaa haraka sana ukilinganisha na tairi. Tairi zuri la lori linaweza kwenda makumi elfu ya kilomita. Mnyororo wa kifaru unahesabiwa kwa maelfu machache tu, kisha unabadilishwa. Ukitembeza kifaru kutoka Dar hadi Same, umeshatafuna sehemu ya maisha yake kabla hakijafanya kazi yoyote.

Sababu ya pili ni mafuta. Chukua T-55, kifaru cha Kisovieti ambacho ndugu yake wa China, Type 59, kinajulikana sana katika majeshi ya Afrika, la kwetu likiwemo. Kwenye barabara nzuri kinakunywa takriban lita 180 hadi 200 kwa kila kilomita 100. Kutoka Dar hadi Same ni kama kilomita 450. Piga hesabu: zaidi ya lita 800 kwa kifaru kimoja, safari moja, kwenda tu. Abrams cha Marekani, chenye injini ya aina ya tabo kama ya ndege, ndiyo balaa kabisa. Kinaweza kumaliza zaidi ya lita 400 kwa kilomita 100.

Sababu ya tatu ni lami yenyewe. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, tutalirudia hapa chini.

Sababu ya nne ni watu. Ndani ya kifaru kuna joto, kelele na mtikisiko. Wahudumu wakishinda humo siku nzima, wanafika wamechoka kuliko mtu aliyesimama kwenye daladala kutoka Tanga.

Kifaru kina uzito gani hasa?

Tuweke kwa lugha ya Same.

Faru mweusi mzima ana uzito wa kati ya kilo 800 na 1,400. Type 59 au T-55 ina tani 36. Kwa hiyo kifaru kimoja cha jeshi ni sawa na faru kama 30 waliopangwa mahali pamoja.

Kama hujawahi kuona faru, fikiria Fuso la kawaida lililobeba tani 10 za tangawizi kutoka Mamba Miamba. Mzigo wa Fuso tatu na nusu, wote ukiwa kwenye kitu kimoja chenye urefu wa mita 6 hivi bila kuhesabu mzinga.

Au fikiria buldoza. Katapila aina ya D8, yale yanayofungua barabara mpya, yana karibu tani 39. Kifaru cha zamani na buldoza kubwa ni uzito ule ule karibu. Ndiyo maana malori yanayobeba vitu hivi viwili yanafanana, na ndiyo maana dereva wa lobedi anayehamisha mitambo ya ujenzi anaelewa nusu ya kazi hii tayari.

Vifaru vya kisasa vimenenepa. Leopard 2 ya Ujerumani na Challenger 2 ya Uingereza zimevuka tani 60. Abrams za karibuni ziko zaidi ya hapo. Kila kifaru kinapoongezwa chuma cha kujikinga, lori la kukibeba nalo linapaswa kukua.

Lori lenyewe likoje?

Lori la kubeba kifaru lina sehemu mbili, kama semi yoyote: kichwa na tela.

*Kichwa.* Semi nyingi za mizigo zinazopita Same zina ekseli tatu kwenye kichwa, na ni ekseli mbili za nyuma tu zinazosukuma. Kichwa cha kubeba vifaru mara nyingi kina ekseli nne, na zote nne zinasukuma. Kwa hiyo hata ikitoka kwenye lami ikaingia kwenye mchanga au tope, magurudumu yote manane yanatafuta pa kushika.

Mfano unaojulikana zaidi ni Oshkosh M1070 wa Marekani, ulioanza kutumika miaka ya mwanzo ya 1990. Toleo la kwanza lilikuwa na injini ya nguvu farasi 500. Toleo lililofuata likapandishwa hadi 700.

Warusi walikuwa na wao: MAZ-537, la enzi za Umoja wa Kisovieti. Injini yake ni dizeli ya silinda 12, lita karibu 39, nguvu farasi 525. Kinachovutia ni kwamba injini hiyo ni ya ukoo mmoja na ile iliyosukuma kifaru maarufu cha T-34 katika Vita Kuu ya Pili. Yaani lori la kubeba kifaru lilipewa moyo wa kifaru.

*Tela.* Hapa ndipo kazi ilipo. Tela la M1070 linaitwa M1000. Lina ekseli 5 na matairi 40. Ndiyo, arobaini. Kila ekseli ina matairi 8.

Tela liko chini, kama lobedi. Nyuma lina ngazi mbili za kupandia. Kifaru kizima kinapanda chenyewe taratibu, dereva akiongozwa kwa ishara za mikono na mtu aliyesimama chini. Kibovu kinavutwa na winchi zilizofungwa nyuma ya kichwa. Kikishafika juu kinafungwa kwa cheni nene mbele na nyuma, kwa sababu breki moja ya ghafla kikiwa hakijafungwa, tani 36 zinakuja kabini.

Magurudumu ya tela hilo pia yanageuka. Tela la kawaida linakokotwa tu, ukikata kona linakata ndani na kupanda ukingo. Tela hili ekseli zake zinageuka zenyewe kufuata kichwa, na haidroliki inasawazisha uzito ili tairi moja lisibebe kuliko jingine pale barabara inapoinama.

Hesabu ya mizani

Sasa twende Njia Panda, Himo, kwenye mizani ambayo kila dereva wa lori kwenye barabara hii anaijua.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ni ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Kwa sheria hiyo, lori lenye mzigo halitakiwi kuzidi tani 56 kwa ujumla, na hata hapo liwe na ekseli 7. Ekseli moja yenye matairi manne haitakiwi kuzidi tani 10.

M1070 ikiwa na tela lake na imebeba mzigo wake kamili wa tani 63 na ushee, jumla inafika karibu tani 105. Ni karibu mara mbili ya kiwango. Gawanya kwa ekseli zote 9, unapata wastani wa tani 11.7 kwa kila ekseli.

Kifaru cha tani 36 ni nafuu zaidi. Kichwa cha tani 9 au 10, lobedi imara ya tani 13 au 14, ukiongeza kifaru unafika tani 60 hivi. Bado umezidi, ila kidogo.

Ndiyo maana kuna kitu kinaitwa kibali cha mzigo usio wa kawaida, kinachotolewa na TANROADS. Mzigo ambao hauwezi kugawanywa, kwa mfano transfoma au buldoza, unaombewa kibali maalum. Huwezi kukata transfoma vipande viwili ili mizani ifurahi. Kifaru nacho hakigawanyiki.

Utauliza: tani moja na nusu juu ya kiwango ina shida gani? Shida ni kwamba barabara haihesabu kama sisi. Majaribio makubwa yaliyofanyika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kuwa uharibifu wa lami unapanda kwa kasi kuliko uzito, takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli ya tani 12 haiharibu kwa asilimia 20 zaidi ya ile ya tani 10. Inaharibu karibu mara mbili.

Hii si habari ya jeshi peke yake. Ni habari ya kila lori la jasi linalotoka Makanya limezidisha, na kila dereva anayejisifu kijiweni kuwa amekwepa mizani. Lami ikivimba na kufanya mifereji, anayelipa ni mwenye IST yenye bodi ya chini na abiria aliyepanda basi la usiku.

Kitendawili cha mnyororo

Sasa turudi kwenye lami, tulikoahidi.

Watu wengi wanadhani kifaru kinabomoa barabara kwa sababu ni kizito. Si hivyo tu. Mnyororo wa kifaru ni mpana na mrefu, unagusa ardhi sehemu kubwa. Uzito wa T-55 unasambaa hadi kila sentimita moja ya mraba inabeba kama gramu 800 tu. Tairi la lori lina upepo wa bar 7 au 8, na mgandamizo linaouweka kwenye lami unakaribia huo. Maana yake, kwa kila sentimita, lori linabonyeza barabara karibu mara 9 au 10 zaidi ya kifaru!

Ndiyo maana kifaru kinaweza kupita kwenye shamba lenye tope ambalo Fuso lingezama hadi ekseli.

Shida ya kifaru kwenye lami ni chuma na kona. Kifaru hakina usukani wa kugeuza magurudumu. Kinageuka kwa kupunguza mwendo wa mnyororo mmoja huku mwingine ukiendelea. Ule mnyororo unaburuzwa kwa ubavu juu ya lami, na vyuma vyake vinachimba. Ukichanganya na jua la saa nane mchana la Same, lami ikiwa imelainika, unapata mtaro. Baadhi ya majeshi yanavisha minyororo vipande vya mpira kupunguza madhara, lakini nao mpira unakwisha.

Na kuna madaraja. Daraja halijali mgandamizo wa kila sentimita. Linajali uzito wote uliokaa juu yake kwa wakati mmoja. Hapo lori refu lina faida moja: kifaru peke yake kinaweka tani 36 ndani ya mita 4 za mnyororo, wakati lori linausambaza mzigo katika urefu wa mita 20 na kitu. Lakini jumla inaongezeka, kwa sababu sasa kuna uzito wa lori pia. Ndiyo sababu wahandisi wa jeshi hupima njia kwanza, daraja kwa daraja, kalavati kwa kalavati, kabla msafara haujaondoka.

Kabla ya malori: mabega ya watu

Eneo hili lina historia yake ya kuhamisha zana nzito.

Julai 1915, Wajerumani waliizamisha meli yao ya kivita Königsberg katika delta ya Rufiji baada ya kuzidiwa na Waingereza. Meli ilikwisha, lakini mizinga yake 10 mikubwa iliokolewa. Mamia ya watu waliikokota kwa kamba kutoka kwenye matope, kisha mafundi wa Dar es Salaam wakaitengenezea magurudumu. Mmoja wa mizinga hiyo ulifika hadi Kahe, kaskazini tu mwa Upare, ukatumika kwenye mapigano ya Machi 1916.

Miezi miwili baadaye, Mei 1916, majeshi ya Jenerali Jan Smuts yalishuka kufuata Mto Pangani na reli ya Usambara, iliyokuwa imefika Moshi mwaka 1911. Yakapita Same. Wajerumani walirudi nyuma wakivunja madaraja ya reli, na wahandisi wa upande wa pili wakawa kazi yao ni kuyajenga upya.

Wakati huo hakuna aliyekuwa amewahi kuona kifaru vitani. Cha kwanza kiliingia mapiganoni Ufaransa tarehe 15 Septemba 1916. Afrika Mashariki kulikuwa na magari machache yenye ngozi ya chuma, malori yaliyokwama kila mvua ikinyesha, na wapagazi. Jina la Kariakoo kule Dar linatokana na kikosi hicho cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Makumi elfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kabla lori halijachukua kazi ya kubeba vita, mwili wa mtu ndio uliibeba.

Lori la kifaru lilizaliwa wapi?

Vifaru vya kwanza vilisafirishwa kwa treni hadi karibu na uwanja wa mapigano. Vilikuwa vinaharibika kila baada ya muda mfupi, hivyo kuvitembeza mbali lilikuwa wazo baya.

Mambo yalibadilika Vita Kuu ya Pili, hasa kwenye jangwa la Afrika Kaskazini. Umbali ulikuwa mkubwa, reli chache, mchanga unakula mnyororo. Waingereza walitumia Scammell zao, kisha wakapata Diamond T kutoka Marekani, lori lenye nguvu farasi 200 hivi tu. Leo kuna semi za mizigo hapa Same zenye mara mbili ya nguvu hiyo. Lakini zilitosha kufikisha kifaru kikiwa hakijachoka, na kurudisha kilichoharibika kikatengenezwe. Kazi hii ya pili ni muhimu sana: jeshi linaloweza kurudisha vifaru vyake vibovu linapigana na vifaru vile vile mara mbili.

Mwaka 1990 hadi 1991, Vita vya Ghuba vilionyesha tatizo jingine. Marekani ilipeleka vifaru vingi Saudi Arabia, ikagundua haina malori ya kutosha ya kuvihamisha jangwani, na hata yale yaliyokuwepo hayakuundwa kwa uzito wa Abrams mpya. Ikalazimika kuazima malori ya nchi nyingine, yakiwemo ya nchi za Ulaya Mashariki zilizokuwa maadui zake muda mfupi kabla. M1070 ni jibu la somo hilo.

Sisi je? Somo la Kagera

Kwa Tanzania, mtihani mkubwa ulikuja mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa eneo la kaskazini mwa Mto Kagera ni la Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likabomolewa.

Fikiria ramani. Kutoka Dar es Salaam hadi mpaka wa Mutukula ni zaidi ya kilomita 1,400, na miaka ile sehemu kubwa haikuwa na lami. Mvua zilikuwa zimeanza. Jeshi halikuwa na magari ya kutosha kuhamisha watu na zana zote hizo kwa mkupuo.

Kilichofanyika ni kwamba nchi nzima iligeuka kampuni ya usafirishaji. Serikali ilichukua malori na mabasi ya watu binafsi na mashirika. Reli ilipeleka mizigo Mwanza, meli zikavusha Ziwa Victoria kwenda Bukoba. Madereva wa kawaida, waliokuwa wakibeba pamba, kahawa na sukari, wakajikuta wanapeleka jeshi vitani. Wahandisi wa JWTZ waliweka daraja la muda kwenye Mto Kagera ndipo vifaa vizito vikavuka.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Vitabu vinazungumzia makamanda na mizinga. Ila mtu yeyote aliyewahi kusukuma lori kwenye tope anajua kuwa nusu ya vita ile ilipiganwa na matairi. Gharama yake ilionekana baadaye: magari yaliyorudi yalikuwa hoi, vipuri vilikuwa adimu, na uchukuzi wa mazao uliyumba.

Kwa nini si milimani?

Kama umewahi kupanda kutoka Same kwenda Mwembe na Mbaga, jibu unalo. Kona zile Coaster tu inaomba dua.

Lori la kifaru lina urefu wa zaidi ya mita 20 na linahitaji eneo kubwa kugeuka. Pia angalia nguvu yake. Semi ya tani 56 yenye nguvu farasi 480 ina nguvu farasi 8.6 kwa kila tani. M1070 ya kwanza ikiwa na tani 105 ina 4.8 tu. Inavuta, ila kwa gia ya chini na mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka pale mlima ukiwa mkali.

Na kupanda si tatizo kubwa kuliko kushuka. Gari la tani 105 kwenye kilomita 60 kwa saa lina nishati mara 7 ya Fuso la tani 15 kwenye mwendo ule ule. Nishati hiyo yote breki lazima iigeuze kuwa joto. Breki zikipata moto kupita kiasi zinapoteza nguvu, na hapo hakuna dua. Ndiyo maana madereva wa mizigo mizito wanashuka kwa gia, wakiiacha injini ishike gari, na breki wanaigusa kwa vipindi.

Ukikutana na msafara wa mzigo mpana

Hapa ndipo suala hili linakugusa wewe.

T-55 ina upana wa mita 3.27. Abrams ni mita 3.66. Upande mmoja wa barabara kuu ya lami kwa kawaida ni mita 3.25 hadi 3.5. Maana yake mzigo unajaza upande wake wote, na wakati mwingine unavuka mstari wa katikati. Mitambo mikubwa ya ujenzi iko hivyo hivyo.

Watu wa Same hawahitaji kuelezwa bei ya kosa moja barabarani. Juni 28, 2025, basi kubwa na basi dogo ziligongana eneo la Sabasaba na kushika moto, watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha. Halikuwa lori la mzigo mzito, lakini ni barabara ile ile ya njia mbili, isiyo na nafasi ya kusamehe.

Kwa hiyo:

1. Ukiona gari la kusindikiza lenye taa za kumulika na bendera nyekundu, punguza mwendo mapema. Linakuambia kuna kitu kipana nyuma yake. Usisubiri ukione.

2. Sogea pembeni kabisa, simama ikibidi. Bodaboda, toka kwenye lami. Usijibanze kati ya lori na ukingo wa daraja.

3. Usiingie katikati ya msafara. Ile nafasi kati ya lori na lori si ya kwako. Ni nafasi ya breki. Ukiingia, umemnyima dereva wa nyuma mita anazohitaji kusimama.

4. Usilipite kwa kubahatisha. Gari la mita 20 na ushee linakuweka upande wa pili muda mrefu kuliko unavyodhani. Kama huoni mbele hadi mwisho, kaa nyuma.

5. Kama huwaoni madereva kwenye vioo vyao, nao hawakuoni. Nyuma kabisa na ubavuni karibu na tela ndiko kubaya zaidi.

6. Kama ni msafara wa jeshi, simu weka mfukoni. Kupiga picha zana za jeshi zikiwa safarini na kuzirusha kwenye grupu la WhatsApp kunaweza kukuletea matatizo makubwa. Hakuna "like" yenye thamani hiyo.

Na kwa tandiboi na madereva wa malori wanaosoma hapa: mnayafanya mambo haya haya kila siku kwa mizigo midogo zaidi. Cheni zilizokazwa, upepo wa matairi uliokaguliwa asubuhi kabla lami ya Makanya haijachemka, gia ya chini kwenye mteremko, uzito ulio ndani ya kiwango. Majeshi makubwa yametumia miaka mingi na fedha nyingi kufika kwenye kanuni hizo. Ninyi mnazo tayari, kilichobaki ni kuzifuata hata siku ambayo bosi anapiga simu kila dakika kumi akiuliza mmefika wapi.